Nyumba Ni ya Nani?
Makada wengine huyalaani mashindano ya televisheni kwa ajili ya utovu wa adabu tu. Uchambuzi huo ni wa juujuu. Bunge la Malawi lilizuia matangazo ya Big Brother Africa mwaka 2003, mahakama ikayarudisha. Marufuku si elimu.

Mashindano hayo yaliwafungia vijana wa nchi mbalimbali za Afrika katika nyumba moja. Walipikiana, wakafahamiana, na hilo ni jema. Kisha walitajana ili wenzao watolewe. Mwaka 2014 Mtanzania Idris Sultan alishinda dola 300,000, nasi tukashangilia. Lakini undugu ulikuwa chambo. Bidhaa ilikuwa kuachana.

Linganisha na marafiki wanaochanga nauli na chakula waende Bagamoyo mwisho wa juma. Asiye na kitu hubebwa na wenzake. Hakuna apigiwaye kura ya kuondoka, na furaha hubaki mikononi mwao.

Starehe si adui wa Ujamaa. Kwa hiyo kada asizime televisheni. Akae na vijana, watazame, kisha aulize: nyumba hii ni ya nani, na faida yake inakwenda wapi?