Pongezi kwa Watunza Magitaa

Muziki wetu wa dansi, tangu enzi za Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz, umesimama juu ya gitaa la solo, la ridhimu na la besi. Nawapongeza wanaoyatunza nyumbani, hasa Mombasa, Tanga na Dar es Salaam, ambako hewa ya chumvi hula nyuzi za chuma upesi. Wanafuta jasho kwa kitambaa kikavu kila baada ya kupiga. Nyuzi zikitolewa, ubao wa shingo usio na vanishi hupata mafuta kidogo tu. Yakizidi, mbao hulowa. Gitaa la mbao hupenda unyevu wa asilimia 45 hadi 55, mbali na dirisha la jua. Mwenye gitaa chini ya kitanda, alitoe leo alifute.