Uwanja au Estádio? Uhakiki wa Usanifu wa Viwanja vya Mashindano kwa Mtazamo wa Pwani ya Kaskazini ya Cabo Delgado

Ikisiri

Makala haya yanahakiki usanifu wa viwanja vilivyojengwa kwa ajili ya mashindano ya kimataifa nchini Msumbiji na kwingineko barani Afrika, na mtazamo wake unaanzia pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado. Hoja kuu ni kwamba majengo haya husanifiwa na kusifiwa kwa ajili ya siku chache za mashindano, ilhali wananchi huishi nayo siku zote zilizobaki. Neno la Kiswahili uwanja linatupa kigezo tofauti cha kuyapima, na kigezo hicho kina uzito wa kisera katika mkoa uliopigwa na vita na vimbunga.

1. Utangulizi: maneno mawili, vipimo viwili

Kireno, lugha rasmi ya Msumbiji, huliita jengo la michezo estádio. Neno hilo lina asili ya Kigiriki, ambako lilikuwa kipimo cha urefu: futi 600 za Kigiriki, umbali wa mbio moja. Kiswahili husema uwanja, neno lisilopima chochote, bali linalotaja uwazi wa mahali. Matumizi ya mahali hapo huongezwa baadaye kwa njia ya a-unganifu: uwanja wa mpira, uwanja wa ndege, uwanja wa nyuma ya nyumba. Kisarufi, ardhi hutangulia na kazi hufuata, na kazi moja inaweza kuondoka ikapisha nyingine.

Tofauti hii haiishii katika msamiati. Katika miji ya Wamwani na Waswahili, kuanzia Ibo na Quissanga hadi Mocímboa da Praia na Palma, ujenzi umezoea mpaka laini kati ya nyumba na njia. Veranda zenye nguzo za mji mkongwe wa Ibo, na baraza za pwani nzima, ni mahali ambapo mtu hajaingia ndani wala hayuko nje. Anaweza kukaa kivulini bila kuulizwa tiketi. Uwanja, kwa maana hii, ni sehemu ya maongezi ya mji. Swali la makala haya ni kiasi gani cha sifa hiyo hubaki pale uwanja unapojengwa ili kukidhi matakwa ya mashindano ya kimataifa.

2. Maputo: kutoka Machava hadi Zimpeto

Msumbiji ina mifano miwili mikubwa, yote ikiwa upande wa Maputo. Uwanja wa Machava ulifunguliwa mwaka 1968 kwa jina la Salazar, mtawala wa Ureno. Tarehe 25 Juni 1975, Samora Machel alitangaza uhuru wa nchi humo humo. Zege halikubadilika, kilichobadilika ni jina na umati. Machava inathibitisha kwamba hata jengo lililokusudiwa kutukuza dola linaweza kurejeshwa kwenye maana ya uwanja, iwapo watu wataingia na kulipa kazi mpya.

Uwanja wa Taifa wa Zimpeto ulifunguliwa mwaka 2011 kwa ajili ya Michezo ya Afrika iliyofanyika Maputo Septemba mwaka huo. Ulijengwa na kampuni ya Kichina na una nafasi ya watazamaji wapatao 42,000. Umbo lake linafahamika kwa yeyote aliyeona viwanja vya kizazi hicho: bakuli la zege lenye njia ya riadha inayozunguka nyasi, lililotengwa na mitaa kwa uzio na eneo pana la maegesho. Kama jengo la mashindano, lilitimiza wajibu wake. Kama sehemu ya mji, limesimama peke yake. Ni makazi ya wanamichezo yaliyojengwa jirani yake ambayo yalipata maisha ya pili kwa urahisi, kwani baada ya michezo yaligeuzwa nyumba za raia. Usanifu uliokubali kubadilishiwa kazi ndio uliojichanganya na mji.

Kutoka Pemba hadi Zimpeto ni zaidi ya kilomita 2,000 kwa barabara, na Palma iko karibu zaidi na Mtwara kuliko ilivyo na mji mkuu wa mkoa wake. Kwa mkazi wa pwani hii, uwanja wa taifa ni picha ya televisheni. Hata hivyo, msamiati wa kuusifu umemfikia: "wa kisasa", "wenye hadhi ya kimataifa". Virai hivi, vilivyozoeleka katika habari za michezo za Kiswahili, hufunga mjadala kabla haujaanza. Hutaja idadi ya viti na hunyamazia kivuli, maji, vyoo na njia ya kuingilia.

3. Cabinda: onyo kwa mikoa ya pembezoni

Huenda mtu akasema kwamba dawa ni kupeleka uwanja wa aina hiyo pembezoni. Angola ilifanya hivyo. Kwa Kombe la Mataifa ya Afrika la mwaka 2010 ilijenga viwanja vipya Luanda, Benguela, Lubango na Cabinda, jimbo lenye mafuta na lenye mgogoro wa muda mrefu wa kutaka kujitenga. Uwanja wa Chiazi huko Cabinda ulikusudiwa kuonyesha kwamba jimbo hilo ni tulivu na ni sehemu ya taifa. Tarehe 8 Januari 2010, siku mbili kabla ya mashindano kuanza, basi la timu ya Togo lilishambuliwa kwa risasi lilipokuwa likiingia jimboni. Wajumbe wawili wa msafara huo walikufa na timu ikajiondoa.

Cabo Delgado si Cabinda. Chimbuko la vita vilivyoanza Mocímboa da Praia Oktoba 2017 ni tofauti. Lakini mazingira yanafanana kwa jambo moja: utajiri wa nishati, safari hii gesi ya Afungi, ukiwa kando ya watu wanaohisi kuwa umewapita. Katika mazingira hayo, jengo la fahari huwa tamko la dola kuliko huduma kwa mkazi, na tamko halizibi pengo lililopo.

4. Pemba, 2021: jengo la michezo lapewa kazi nyingine

Ushahidi wenye nguvu zaidi unatoka Pemba kwenyewe. Mji wa Palma uliposhambuliwa tarehe 24 Machi 2021, maelfu walikimbia kwa miguu, kwa boti na kwa ndege. Mwanzoni mwa Aprili, kituo cha michezo cha Pemba kiliwapokea baadhi yao, na msaada ukagawiwa hapo. Jengo la michezo liligeuka uwanja kwa maana kamili ya Kiswahili: mahali pa wazi palipopewa kazi na haja ya watu.

Miaka miwili kabla, tarehe 25 Aprili 2019, Kimbunga Kenneth kilikuwa kimeipiga pwani hiyo hiyo kwa upepo wa zaidi ya kilomita 200 kwa saa. Mwaka 2005, ukumbi mkubwa wa michezo wa New Orleans, Marekani, uliohifadhi maelfu ya watu wakati wa Kimbunga Katrina, ulichanwa paa watu wakiwa ndani. Mifano hii inadai jambo moja: kazi ya kuhifadhi watu haiwezi kuachwa iwe bahati. Inapaswa kuandikwa katika hadidu za rejea za msanifu tangu mwanzo.

5. Pingamizi la usalama

Pingamizi zito ni kwamba uzio na malango ni kinga ya maisha, wala si majivuno. Ni kweli kwamba umati usioongozwa huua. Lakini maafa ya Accra ya Mei 2001, yaliyoua watu 126, yalitokea pale watu waliokimbia gesi ya machozi walipokuta milango imefungwa. Lango salama ni lile linalofunguka kuelekea nje kwa haraka, na ambalo kila mtu anaweza kulisoma. Katika Cabo Delgado, kulisoma lango ni suala la lugha. Wengi wa waliofika Pemba lugha yao ya kwanza ni Kimwani, Kimakua, Kimakonde au Kiswahili, si Kireno. Kibao cha njia ya dharura kilichoandikwa kwa Kireno pekee ni kasoro ya usanifu sawa na ngazi nyembamba.

6. Hitimisho na mapendekezo

Kenya, Tanzania na Uganda zimepewa Kombe la Mataifa ya Afrika la mwaka 2027, na shauku ya kujenga itavuka Mto Ruvuma. Kwa wanaoshauri serikali na wafadhili kuhusu Cabo Delgado, tunapendekeza mambo manne. Kwanza, kiwanja chochote cha michezo kisanifiwe pia kuwa hifadhi: paa lihimili kimbunga, maji na vyoo viwe vya kutosha, na pawepo sehemu yenye staha kwa wanawake na watoto. Pili, ukingo wake uwe baraza yenye kivuli, iliyo wazi siku zisizo na mchezo. Tatu, maandishi na matangazo yawe katika lugha za mkoa. Nne, viwanja vidogo vya Palma, Mocímboa da Praia, Macomia na Quissanga vitangulizwe kabla ya bakuli moja kubwa.

Estádio huuliza umbali na idadi. Uwanja huuliza ni nani anaruhusiwa kukaa hapa, na kwa kazi gani. Katika pwani hii, swali la pili ndilo linalopaswa kujibiwa kabla ramani haijapitishwa.