Nani Aliuza Mfumo Huu?

Wasifu wa wanawake wa teknolojia, kama tunavyouandika Afrika Mashariki, una kasoro moja kubwa: mauzo hayamo. Soma makala yoyote ya gazeti au maelezo ya tuzo. Utamkuta msichana aliyependa hesabu, kisha chuo kikuu, kisha kampuni aliyoianzisha akiwa bado kijana, kisha picha yake jukwaani. Hapo katikati kuna shimo. Nani alimlipa mara ya kwanza? Alitaja bei gani, na sauti yake ilitetemeka? Waliomkatalia walisema nini? Mwandishi analiruka shimo hilo kama mtu anayeruka dimbwi akiwa na viatu vipya.

Mfano wa karibu ni Dorcas Muthoni wa Kenya. Alisoma sayansi ya kompyuta Chuo Kikuu cha Nairobi, na akiwa na miaka 24 akaanzisha OpenWorld, kampuni ya kutengeneza na kuuza programu. Pia ni mwasisi wa AfChix, mtandao wa wanawake wa kompyuta barani Afrika, na mwaka 2014 jina lake liliingizwa katika Internet Hall of Fame. Ni maisha makubwa, na sina ugomvi nayo hata kidogo. Ugomvi wangu ni na sisi tunaoyaandika. Karibu kila nilichosoma juu yake kimepangwa kama orodha ya heshima, ilhali kampuni ya programu haili tuzo. Inakula ankara zilizolipwa. Mtu aliyeiongoza kwa miaka mingi anajua mambo kuhusu zabuni, kuhusu mteja anayechelewesha malipo na kuhusu kumtuma kijana wa mauzo barabarani, na hayo ndiyo tungependa kuyasikia.

Kwa msomaji aliyeko Bariadi jambo hili si la nadharia. Hapa programu ya kompyuta haiitwi programu, inaitwa mfumo. “Mfumo umekata.” “Mfumo hausomi.” Tangu mashine za EFD zilipoanza kutumika nchini mwaka 2010, wenye maduka wengi wamelazimika kununua kifaa chenye programu ndani yake kutoka kwa wasambazaji walioidhinishwa na TRA. Nyuma yake zikaja za stoo, za shule binafsi, za vikundi vya kukopeshana. Mwaka 2018 maonyesho ya Nane Nane yalipofanyika kitaifa Nyakabindi, mji huu ulijionea jinsi biashara ya sasa inavyotegemea mtu anayesimama bandani kutwa nzima akieleza kitu ambacho mteja hawezi kukishika mkononi.

Mtu huyo mara nyingi ni msichana. Ana stashahada au shahada, na nyumbani wanaona anafanya umachinga wa kisomi. Akiingia dukani lazima asalimie kwanza, mwangaluka kwa utulivu wake wote, kabla hajataja biashara, na akishamaliza kueleza anaulizwa, “Binti, bosi wako yuko wapi?” Huenda bosi ni yeye. Akitafuta kitabu cha kumwambia kwamba kazi hii ina heshima na ina njia ya kupanda, wasifu wetu unampa picha ya tuzo.

Kitabu kinachoziba sehemu ya shimo hilo kimetoka mbali, Uingereza, na kwa bahati mbaya hakina jina linalofasirika. Ni Let IT Go, kumbukumbu za Stephanie Shirley zilizotoka mwaka 2012. Shirley alizaliwa Dortmund mwaka 1933, na akiwa na miaka mitano alipelekwa Uingereza kati ya watoto wa Kiyahudi waliookolewa kutoka kwa utawala wa Hitler. Mwaka 1962 alianzisha kampuni ya programu kwa pauni 6. Aliajiri wanawake waliokuwa wameacha kazi kwa ajili ya ndoa au watoto, nao wakafanya kazi majumbani mwao. Kati ya wafanyakazi 300 wa mwanzo, wanaume walikuwa 3.

Kinachonipendeza ni kwamba mwandishi huyu haoni haya kusema alikuwa muuzaji. Wakati ule programu ilitolewa bure pamoja na mashine. Kampuni kubwa ya IBM ilitangaza kuzitenganisha bei mwaka 1969 tu. Kwa hiyo Shirley alikuwa anauza kitu ambacho mteja aliamini ni cha bure, tena mwuzaji mwenyewe ni mwanamke. Barua zake hazikujibiwa. Mumewe akamshauri asaini kwa jina lake la utani, Steve, na majibu yakaanza kuja. Alipopiga simu kutoka nyumbani alicheza kanda yenye sauti ya mashine ya chapa, ili kelele za mtoto zifunikwe na mteja adhani anaongea na ofisi yenye shughuli.

Hapo ndipo mauzo yanapoonekana: ujanja mdogo, aibu kidogo, na hesabu. Msichana wa Bariadi anayempigia mteja huku mtoto analia mgongoni hahitaji kufafanuliwa kanda ile. Na yule mwenye duka anayesema “Kwa nini nilipie kila mwezi kitu ambacho sikioni?” anarudia swali la mabwana wa London wa 1962, isipokuwa yeye ana sababu nzito zaidi, maana katika mkoa wa pamba pesa huja kwa msimu na ada ya mwezi haijui msimu.

Upande wa uongozi nao umesimuliwa bila kupakwa rangi. Sheria ya mwaka 1975 ya kuzuia ubaguzi wa kijinsia, iliyotungwa ili kuwasaidia wanawake, ilimlazimu kufungua mlango kwa wanaume. Anaeleza kejeli hiyo bila kulalamika sana. Anaeleza pia jinsi alivyoelemewa hadi akaugua, akiwa na kampuni mkono mmoja na mwanawe Giles, mwenye usonji mkali, mkono mwingine. Robo ya kwanza ya kampuni aliwapa wafanyakazi kutoka kwenye hisa zake mwenyewe.

Baada ya hapo kitabu kinapoa. Kampuni inapofika soko la hisa mwaka 1996 na utajiri kuingia, wateja wanatoweka kwenye kurasa, na tunaanza kuhesabu misaada, zaidi ya pauni milioni 60. Ni ukarimu wa kweli, ila kama msomaji nilirudi palepale nilipotoka, kwenye orodha ya heshima. Tena wale wanawake wa majumbani, waliopanga programu ya kinasa safari cha ndege ya Concorde, wanabaki zaidi kama kundi. Nilitaka kumsikia mmoja wao akieleza siku aliyotumwa kwa mteja mkorofi.

Kiswahili hakina kisingizio hapa. Shaaban Robert aliandika Wasifu wa Siti binti Saad, na Siti, kabla ya kurekodi nyimbo Bombay mwaka 1928, alikuwa mchuuzi wa vyungu aliyevibeba kutoka shamba hadi mjini Unguja. Vyungu hivyo havijawahi kumpunguzia hadhi. Watu huvitaja kila wanapoieleza sauti yake, kwa sababu aliitumia kunadi kabla ya kuimbia.

Sasa atufanyie mtu kitabu cha mwanamke wa mifumo. Kianze na ankara yake ya kwanza, kitaje bei. Kifike mwaka ambao pamba imeanguka na wenye maduka wameacha kulipia ada, kisha kitueleze kiongozi huyo alimwambia nini kijana wake wa mauzo aliporudi jioni mikono mitupu.