Picha ya Ng'ombe Isipoteze Pembe Njiani

Sisi wapenzi wa picha za mashambani tunaweza kujadili kamera na lenzi hadi usiku wa manane, kisha picha yenyewe tukaitupa kwenye kundi la WhatsApp kwa kugusa kioo mara mbili. Naamini picha nyingi nzuri za ng'ombe huharibikia hapo. Zimepigwa kwa uangalifu, mwanga umekubali, mnyama anapendeza, ila zinawafikia wenzetu zikiwa zimekwanguliwa, nao wanakosoa kitu ambacho mpigaji hakukipiga. Nitachambua picha moja tangu mahali ilipopigwa hadi kioo cha simu ya mpokeaji. Inaonyesha kundi la ng'ombe wa Ankole wakitoka lamboni jioni, wilayani Karagwe, mkoani Kagera.

Ankole hufugwa Kagera, magharibi mwa Uganda, Burundi, na Rwanda, ambako wale wa kifalme huitwa Inyambo na bado wanatunzwa kwenye makumbusho ya kasri la mfalme huko Nyanza. Pembe zao ndefu zimejaa mishipa ya damu inayosaidia kupunguza joto la mwili. Wafugaji wa Kihima nao wana msamiati mpana wa rangi, na inayosifiwa kuliko zote ni bihogo, wekundu ulioiva unaokaribia kahawia. Kwa hiyo picha iliyopoteza umbo la pembe na wekundu wa ngozi imempoteza ng'ombe mwenyewe. Mambo hayo mawili ndiyo yaliyoongoza kila uamuzi, wa kupiga na wa kutuma.

Tuanze na jua. Karagwe iko karibu sana na ikweta, na jua la huko huzama karibu wima. Vitabu vingi vya upigaji picha vimeandikwa na watu wa nchi za kaskazini, ambako jua la kiangazi huteremka kwa mshazari na mwanga wa dhahabu hukaa muda mrefu. Kwetu jua husogea takriban nyuzi 15 kwa saa na kushuka moja kwa moja, hivyo likiwa nyuzi 10 juu ya upeo limebakiza kama dakika 40 tu. Toa dakika ambazo limejificha nyuma ya kilima au wingu, na muda wa kazi ni mfupi mno kutafuta mahali pa kusimama. Mahali lazima pawe pamechaguliwa mapema. Hapa palichaguliwa kando ya njia itokayo lamboni kwenda bomani, jua likiwa upande wa kushoto wa kamera na nyuma kidogo ya kundi. Jua likiwa mgongoni mwa mpigaji, vumbi halionekani na ngozi inakuwa bapa. Likiwa mbele kabisa, vumbi linawaka vizuri sana, lakini ng'ombe wanageuka vivuli vyeusi na bihogo inatoweka. Mwanga wa ubavuni ndio unaobakiza yote mawili.

Kuhusu kimo, kamera ilishushwa hadi usawa wa goti. Ukisimama wima, mstari wa vilima hupita katikati ya pembe na kuzikata. Ukipiga goti, vilima vinashuka nyuma ya miguu na pembe zote zinabaki angani, peke yake, mahali ambapo jicho linazisoma bila taabu. Wapigaji wengi wa simu hawalifanyi hili, na nadhani hakuna badiliko jepesi linaloleta faida kubwa kuliko hilo.

Umbali nao una neno. Lenzi kuu ya simu janja nyingi ni pana, sawa na milimita 24 hadi 26 kwa kipimo cha kamera za filamu. Ili ng'ombe aijaze picha kwa lenzi hiyo, inabidi umkaribie sana, na ukaribu huo unamfanya awe na kichwa kikubwa mno na kiuno chembamba. Kosa hutokana na ukaribu wenyewe. Lenzi inabeba lawama kwa sababu ndiyo inayokusogeza. Picha hii ilipigwa kwa milimita 135 kutoka mbali, na kwa hiyo mabega, nundu na nyonga vimebaki na uwiano wake. Mwenye simu isiyo na lenzi ya pili ya mbali afadhali arudi nyuma, apige, kisha apunguze kingo baadaye, kuliko kumsogelea fahali.

Kipimo cha mwanga cha kamera hudhani kwamba kila kilicho mbele yake ni cha rangi ya kati, kati ya nyeusi na nyeupe. Ng'ombe mweusi humwangaza hadi awe kijivu, na mweupe humfifisha hadi awe kijivu vilevile. Bihogo ni rangi nzito, kwa hiyo ikiijaza picha kamera huongeza mwanga na wekundu unapauka. Kwenye kundi lenye vumbi linalong'aa mambo yanavurugika zaidi, kwa kuwa vumbi linakivuta kipimo upande wa pili. Suluhisho lilikuwa kupima sehemu yenye vumbi jeupe kuliko zote, kuhakikisha haijaungua, kisha kuacha ngozi ziangukie zinapoangukia. Faili ghafi hubeba taarifa za kutosha kuinua vivuli baadaye, lakini palipoungua pakawa peupe kabisa hapana kitu cha kurudisha. Kasi ya shata ilikuwa 1/500, tundu la lenzi f/5.6, ISO 400. Kwa ng'ombe anayetembea 1/250 hutosha, ila masikio na mkia vinavyofukuza nzi vina mwendo wake, na ncha ya pembe hutetemeka kila kwato inapokanyaga.

Kilichobaki kilikuwa mluzi wa mchungaji. Ng'ombe wanaotoka kunywa maji huinamisha vichwa. Mchungaji alipopiga mluzi, wa mbele waliinua shingo na pembe zikajipanga. Mpigaji asiyezungumza na mchungaji kwanza hapati hilo, wala hastahili kulipata.

Sasa safari. Faili lilikuwa na pikseli 6000 kwa 4000, yaani megapikseli 24. WhatsApp, ukituma picha kwa njia ya kawaida, kwa muda mrefu imekuwa ikiipunguza hadi takriban pikseli 1600 kwa upande mrefu. Megapikseli 24 zinabaki chini ya mbili. Ncha ya pembe iliyokuwa na upana wa pikseli 12 sasa ina tatu. Halafu inakuja hatua ya kubana. Mfumo wa JPEG huigawa picha katika miraba ya pikseli nane kwa nane, na ndani ya kila mraba hutupa kwanza yale madogo madogo ambayo jicho linadhaniwa halitayakosa. Kwenye uso wa mtu au ukuta wa nyumba, hasara hiyo hufichika. Picha ya malisho imejengwa kwa madogo hayohayo, majani, vumbi, nywele za mgongoni. Yakitupwa, nyasi zinakuwa mabaka, anga inapata ngazi, na pembeni mwa pembe kunatokea ukungu wa miraba. Aidha, JPEG mara nyingi huhifadhi taarifa za rangi kwa robo tu ya zile za mwanga. Mpaka mkali kati ya ngozi nyekundu na anga ya buluu ndio unaoathirika zaidi, na mpaka huo ndio moyo wa picha hii.

Tangu 2023 kuna chaguo la HD, linalobakiza pikseli nyingi zaidi, ingawa kubana kunaendelea. Njia inayolifikisha faili kama lilivyo ni kulituma kama dokumenti. Inakula bando la mtumaji na la wapokeaji, kwa hiyo si ya kila picha. Kwa picha hii yalitengenezwa matoleo mawili. La kwanza, la kutazamwa tu, lilipunguzwa kwenye kompyuta hadi pikseli 1600, likanolewa baada ya kupunguzwa, likawekwa katika rangi za sRGB, kisha likatumwa kama picha. Ukipunguza mwenyewe, WhatsApp haibakiwi na sababu ya kukupunguzia, na pembe zinabaki na makali uliyozipa wewe. Toleo lililoachwa katika Adobe RGB hufika kwenye simu zisizosoma wasifu wa rangi likiwa limefifia, na bihogo inageuka rangi ya tope. La pili, la kukosolewa, lilikwenda kama dokumenti kwa wale wachache walioahidi kulifungua kwenye kioo kikubwa.

Kuna jambo la umbo ambalo nimelichelewesha, nalo ni zito. Wenzetu wengi hutazama wakiwa wameshika simu wima, na picha iliyolala huonekana kwa upana wa sentimita saba hivi. Kundi zima la ng'ombe ndani ya sentimita saba ni mstari wa siafu. Ndiyo maana toleo la kutazamwa lilikatwa kwa uwiano wa nne kwa tano, likambakiza ng'ombe mmoja wa mbele na mabega ya wawili nyuma yake. Wapo wanaoona huko ni kuisaliti picha ya asili. Sikubaliani nao. Picha kamili ipo kwenye dokumenti na itachapishwa, na uchapishaji una hesabu yake: karatasi ya sentimita 10 kwa 15 inatosheka na pikseli 1772 kwa upande mrefu, wakati A3 inataka karibu 5000. Kila mahali pa kutazamia pana toleo lake.

Wapenzi wa picha walielewa haja ya maelezo zamani sana. Huko London klabu moja ya wapigapicha ilitoa albamu mwaka 1855 kwa ajili ya wanachama wake, na picha zikaambatana na maelezo ya namna zilivyotengenezwa. Miongoni mwao alikuwa Benjamin Brecknell Turner, mfanyabiashara aliyepiga mabanda na mashamba ya Uingereza kwa negativu za karatasi zilizohitaji hadi nusu saa ya mwanga. Ng'ombe anayetembea asingeacha hata alama. Sisi tunamgandisha kwa sehemu moja ya mia tano ya sekunde, halafu tunatuma bila neno, na mwenzetu anauliza tu, “Kamera gani hiyo?” Andika pembeni jua lilikuwa upande gani, ulisimama umbali gani, kasi na tundu. Ukosoaji utakaorudi utakuwa na mashiko.

Dokumenti, hata hivyo, ina hatari yake. Picha iliyotumwa kwa njia ya kawaida huvuliwa taarifa zilizofichwa ndani ya faili. Dokumenti huzibeba zote, pamoja na mahali hasa simu ilipokuwa. Katika nchi zenye wizi wa mifugo, huko ni kumwonyesha mtu usiyemjua njia ya kwenda bomani kwa mfugaji aliyekukaribisha. Kwa picha hii taarifa za mahali zilifutwa kabla ya kutuma, na maelezo yakataja wilaya tu. Idadi ya ng'ombe haikuandikwa pia, kwa kuwa wafugaji wengi hawapendi mifugo yao ihesabiwe na mgeni.

Basi kabla hujatuma picha yako ijayo, zima kumbukumbu ya mahali kwenye kamera ya simu, tengeneza toleo la kioo kidogo na toleo la kukosolewa, na umpelekee mchungaji nakala iliyochapishwa. Nawe unapopokea ya mwenzako, ongeza mwanga wa kioo, zima kichujio cha usiku kinachofanya kila kitu kuwa cha manjano, ukuze picha hadi ncha ya pembe, ndipo uandike maoni yako.