Kuhasi, Kufunga, Kutengeneza
Wafugaji wa Kiswahili wana neno la kale kwa tendo hili: kuhasi, lenye asili ya Kiarabu. Maksai, ng'ombe dume avutaye plau na mkokoteni, ndiye aliyehasiwa. Neno hilo halifichi kitu. Ughaibuni, hata hivyo, baadhi ya wasemaji wanaofuga mbwa ndani ya nyumba hulikwepa. Wako wasemao mbwa "ametengenezwa", wakifuata Kiingereza cha Marekani, kana kwamba kabla ya hapo alikuwa mbovu. Wengine husema "amefungwa kizazi", usemi uliotoka katika kliniki za uzazi wa mpango.

Usemi huu wa pili una adabu, lakini unapotosha. Mwanamke anapofunga kizazi, mirija ya uzazi huzibwa, na ovari hubaki zikitoa homoni. Mbwa jike kwa kawaida huondolewa ovari, na mara nyingi mji wa mimba pia. Hatafuti dume tena. Kilichofungwa ni kipi? Mwenye mbwa anayetia saini fomu ya ridhaa anastahili kujua.

Neno kuhasi nalo lina upungufu, kwa kuwa mazoea yamelifungamanisha na korodani. Basi na libaki kwa dume. Kwa jike tuseme kutoa kizazi. Huenda maneno haya yakamkera mgeni sebuleni. Lakini mbwa haulizwi ridhaa yake, na anayemsemea hana budi kutaja alichoondolewa.