"Yes" ya Mtoto wa Bahati

Kitabu cha T. J. Fitikides juu ya makosa ya Kiingereza, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 1936, kina umbo tulilolirithi madarasani: usiseme hivi, sema hivi. Udhaifu wa umbo hilo hudhihirika huko Bahati, Nakuru, ambako watoto wengi huanza na Kigikuyu na Kiswahili. Mtoto mwenye njaa akiulizwa kwa Kiingereza, "Hujala?", hujibu "Yes"; mwalimu akadhani ameshiba. Katika Kiswahili "Ndiyo, sijala" ni jibu timilifu, kwani "ndiyo" huiafiki kauli ya muulizaji. Kiingereza hulitazama tendo lenyewe: halikutendeka, basi "No". Mantiki ya mtoto ni nzima, ila ni ya lugha nyingine. (Kuchanganya "he" na "she" kuna asili kama hiyo: Kigikuyu na Kiswahili havibagui jinsia katika viwakilishi vya nafsi.)

Orodha ya makatazo haitamfaa. "Ndiyo, sijala" na "No, I haven't" ziandikwe ubaoni sambamba, mwanafunzi aulizwe kila moja yajibu nini. Mwalimu wa Kiswahili ndiye awezaye kuianza kazi hiyo, lakini ni nadra kushauriwa juu ya Kiingereza.