Tumbo la Panya na Gome la Muuku

Siku ya soko pale Wote, au Kalundu mjini Kitui, huwakosi akina mama waliotandaza magome, mizizi na majani makavu juu ya gunia. Ukimwambia mmoja wao kwamba tumbo linakuchoma usiku, hatakuuliza mengi. Atakufungia vipande vya gome na kukupa maelekezo: chemsha, chuja, kunywa kikombe asubuhi kabla hujatia chochote kinywani.

Kutoka kwenye gunia hilo hadi kwenye makala ya kisayansi inayosema mmea fulani "unalinda tumbo kwa asilimia kadhaa" ni mwendo mrefu. Nataka tuupitie hatua kwa hatua, kwa sababu mara nyingi jaribio la aina hii likishachapishwa, habari humfikia mwananchi ikiwa imegeuka: tiba ya vidonda vya tumbo imepatikana. Jaribio lenyewe halikupima tiba. Lilipima kinga.

Ukambani, nyumbani kwa Wakamba, si mgeni wa utafiti wa mitishamba. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao walichapisha orodha ya mimea inayotumiwa Machakos na Makueni kutuliza maumivu sugu ya viungo. Mada hiyo ina uhusiano wa karibu na tumbo. Mzee anayeumwa magoti akichoka na gome hununua diklofenaki au ibuprofeni, na vidonge hivyo ni miongoni mwa visababishi vikubwa vya vidonda vya tumbo duniani. Mwingereza John Vane alieleza sababu mwaka 1971: dawa za jamii hiyo huzuia mwili kutengeneza prostaglandini, kemikali ambazo, pamoja na kuleta maumivu, huufanya utando wa tumbo utoe ute wa kujikinga na asidi yake wenyewe. Maumivu yakizimwa, na ngao inapungua.

Kazi ya mtafiti huanzia porini, na kosa la kwanza hufanyika huko huko. Jina la kijijini halitoshi. Wakamba wakisema kiluma wanamaanisha shubiri, lakini shubiri za nyanda hizo ni za spishi zaidi ya moja. Kwa hiyo tawi lenye maua au matunda hukaushwa, hubanwa kwenye karatasi na kupelekwa kwa mtaalamu wa mimea. Hifadhi kuu ya sampuli za namna hiyo iko Makumbusho ya Taifa, Nairobi. Ilianzishwa Amani, Tanganyika, mwaka 1902, ikahamishiwa Nairobi mwaka 1950. Katika hifadhi hiyo, mti wa muuku wa Ukambani huitwa Terminalia brownii. Sampuli ikikosekana, mtafiti wa kesho hana njia ya kujua ni mti gani uliopimwa.

Kisha gome hukaushwa kivulini, husagwa, hulowekwa. Hapa ndipo ninapotofautiana na maabara nyingi. Bibi wa Mutomo anachemsha kwa maji. Muteta, mmea mwingine wa dawa, hutiwa hata kwenye supu ya nyama. Maabara hupenda methanoli, kwa kuwa huvuta kemikali nyingi kwa mara moja. Lakini inavuta na zile ambazo maji yasingezitoa, na mgonjwa hajawahi kuzinywa. Matokeo ya methanoli yanaweza kuwa ya kweli kabisa na bado yasiseme lolote kuhusu kikombe cha bibi. Jaribio linalodai kupima dawa ya wenyeji lingepaswa kuwa na angalau kundi moja lililopewa dawa iliyochemshwa kwa maji, kama wanavyofanya wenyewe.

Sasa maabara. Panya hunyimwa chakula kwa takriban saa 24 huku maji wakipata, nao huwekwa kwenye vizimba vyenye sakafu ya waya ili wasile kinyesi chao na kuharibu hesabu. Hugawanywa makundi: moja hupewa maji matupu, jingine dawa inayojulikana tayari, kama vile omeprazoli, mengine dawa ya mmea kwa vipimo vinavyopanda. Baada ya nusu saa au saa nzima kila panya humiminiwa tumboni takriban mililita moja ya ethanoli kali isiyozimuliwa. Kaluvu, pombe ya kienyeji ya Wakamba, haifiki hata robo ya ukali huo. Panya hawezi kutapika. Maumbile yake hayamruhusu. Kilichoingia kimeingia.

Saa moja baadaye panya huuawa kwa njia isiyomtesa na tumbo hutolewa. Hupasuliwa kwa kufuata mkunjo wake mkubwa, husafishwa kwa maji ya chumvi, kisha hutandazwa na kubanwa kwa pini juu ya kibao. Nusu moja ni nyeupe, ngumu kidogo, haina tezi, hiyo haihesabiwi. Nusu yenye tezi ndiyo inayosema. Kwa panya aliyepewa maji matupu utaona michirizi myekundu iliyoiva hadi weusi, kama alama za fimbo. Mtafiti huipima kwa milimita chini ya kioo cha kukuzia. Tuseme kwa mfano michirizi ya kundi la maji ina wastani wa milimita 40, na ya kundi la dawa milimita 10: kinga ni asilimia 75. Asilimia zinazosomwa redioni hutoka kwenye hesabu hiyo.

Mbinu hii ilipata umaarufu mwaka 1979, pale André Robert na wenzake walipoonyesha kwamba prostaglandini zikitangulizwa, tumbo la panya huhimili pombe kali, asidi, hata maji ya moto. Miaka michache baadaye Robert huyo huyo akaonyesha jambo ambalo kila msomaji wa tafiti hizi alipaswa kulijua: hata pombe hafifu, ikitangulizwa, hulinda tumbo dhidi ya pombe kali. Kiwasho kidogo huliamsha tumbo, nalo likajifunika ute. Gome la muuku limejaa tanini, na tanini hukaza utando na kuuwasha. Asilimia kubwa, basi, inaweza kuwa ushahidi wa dawa, na inaweza kuwa ushahidi wa kiwasho. Njia ya kutenganisha ipo: mtafiti humpa panya indometasini, dawa ya jamii ile ile ya diklofenaki, kwanza ili kuzima prostaglandini, kisha hurudia jaribio. Kinga ikitoweka, amejua ilikopitia. Bila hatua hiyo mimi husoma asilimia hizo kwa tahadhari.

Lipo na la kipimo. Miligramu 200 kwa kila kilo ya panya hazihamishwi hivyo hivyo kwa binadamu. Hugawanywa kwa takriban 6.2. Kwa mtu wa kilo 60 inakuwa karibu gramu 2 za unga wa dawa iliyochujwa na kukaushwa. Ikiwa gramu 100 za gome hutoa gramu 10 za unga, huyo mtu anahitaji gramu 20 za gome kwa siku. Mtafiti angeipima ile tita ya sokoni na kutuambia kama inafika hapo au inapita mara tano. Upimaji wa usalama nao mara nyingi huishia kwenye dozi moja kubwa ya hadi miligramu 2000 kwa kilo na siku 14 za kuangalia kama panya atakufa. Mtu wa vidonda hunywa miezi.

Na mgonjwa wa Kibwezi haji na tumbo zima. Anakuja kidonda kikiwa tayari kipo, na uwezekano ni mkubwa kwamba tumboni mwake mna bakteria Helicobacter pylori, ambao Barry Marshall na Robin Warren wa Australia waliwahusisha na vidonda na kutunukiwa Nobel mwaka 2005. Panya wa ethanoli hana bakteria hao. Ili kuzungumzia tiba, kidonda kitangulie na dawa ifuate kwa siku kadhaa. Na bakteria wapimwe pembeni kwenye maabara ya vijidudu.

Sisemi haya kuibeza mitishamba. Mzizi wa susi ulianza hivi hivi. Miaka ya 1940 daktari Mholanzi, Revers, aliona wagonjwa wake wa vidonda wakipata nafuu kwa dawa ya mzizi huo, akaona vilevile kwamba baadhi wanavimba mwili. Aliandika yote mawili. Kutokana na mzizi huo Waingereza walitengeneza karbenoksoloni miaka ya 1960, ikatumika hospitalini huku madaktari wakijua wachunge shinikizo la damu.

Kenya imeitambua tiba ya asili katika Sheria ya Afya ya mwaka 2017, na mwaka mmoja kabla ilipitisha sheria ya kulinda maarifa ya jadi. Kwa hiyo ombi langu kwa watafiti ni hili: mkimaliza, rudini Kitui na Makueni na matokeo, kwa Kikamba na Kiswahili, mumweleze aliyewaonyesha mti kwamba mlichokiona ni kinga kwa panya, na bado hamjapima tiba. Nawe msomaji unayekunywa gome, mweleze daktari wako. Ukiona choo cheusi kama lami, au ukitapika damu, hiyo ni dalili ya kuvuja damu tumboni. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.